Buibui la Kwenye Mafenesi

Chuo kikuu nilifundishwa falsafa, lakini sikufundishwa kumtambua mke wangu ndani ya buibui. Jana tulikwenda marikiti kununua vitu vya harusi ya binti yetu, nikamwacha mke wangu kwenye ndimu. Nilipogeuka nikamwona kwenye mafenesi, uso kaufunika. Nikamsogelea.

"Huyo Bi Mize uliyemwita kuja kutupikia Ijumaa, mie simtaki," nikanong'ona. "Pilau yake ya maulidini ilinata mpaka nikadhani bokoboko la ngano iliyopondwa."

Hakujibu. Nikaona amenitii, jambo ambalo mke wangu hajapata kulifanya, na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Mkulima wa Bububu aliyekuwa akiuza mafenesi akakohoa.

"Bwana Mwalimu, hebu kwanza..."

"Wewe uza mafenesi yako!"

Kitambaa cha uso kikafunuliwa taratibu.

"Nshakusikia," alisema Bi Mize mwenyewe. "Basi Ijumaa bokoboko hilo utalipika weye."

Wakulima walicheka mpaka wakashikana mabega. Nyuma yangu, sauti ninayoijua vizuri ikauliza, "Baba Salma, umemwambia nini mpishi wetu?"