Sato wa Jumamosi

Siku hizi kila mtaa una kikundi chake cha mazoezi, na chetu hapa Igoma hupita Jumamosi alfajiri. Kwanza filimbi, halafu vishindo vya raba kwenye lami, halafu mmoja anaita "mchakamchaka!" na wenzake wanaitikia "chinja!" Mume wangu hulalamika kwamba wanamkatisha usingizi. Mimi, jamani, hutabasamu peke yangu gizani, maana namkumbuka mama.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Igogo, karibu na ziwa. Nilikuwa darasa la pili mama alipoambiwa na daktari kwamba presha yake inatisha, dawa peke yake haitoshi, aanze kukimbia la sivyo ataanguka. Mama yangu kukimbia! Mwanakwaya, mama wa Kihaya mwenye mwili wake na heshima zake, apite mbele za watu na suruali? Baba akamwambia, "Mama Koku, heri wakucheke ukiwa mzima." Basi akajiunga na kikundi cha mtaani, suruali ndani, kanga mbili juu, na mimi pembeni yake. Tukifika njia ya ziwani anazivua kanga na kunifunga mimi kiunoni, nakimbia nimevimba kama furushi.

Upepo wa ziwa ulikuwa wa baridi, unanuka dagaa walioanikwa mchangani. Wenzake walimtania kwa wale panzi wanaoliwa kwao Uhaya, "Kaza mwendo, mbele kuna senene!" Mama anacheka huku anahema. Mimi sikucheka. Nilimtazama usoni njia nzima, nikiogopa ataanguka pale pale na sijui nimshike wapi.

Baba naye alikuwa na lake. Sisi tukifunga kamba za raba, yeye anatoa baiskeli na kikapu, anakwenda mwaloni, kwenye soko la samaki, kununua sato. Nikigeuka namwona kule nyuma, anakanyaga pedeli taratibu mno. Nyumbani anarudi na kikapu kitupu. "Sato wa leo wadogo," anasema. Jumamosi inayofuata, wadogo. Hata msimu ule majirani walipopita na sato mikia inaburuta chini, kwa baba walikuwa wadogo tu. Nikajua baba yangu ni mtu mgumu kuridhika.

Baba alifariki nikiwa nimeshaolewa. Siku moja tunamenya ndizi na mama, nikamkumbusha wale sato wa baba. Mama akacheka, kisha akaweka kisu chini.

"We Koku, ulidhani anafuata samaki? Alikuwa ananifuata mimi, nikianguka anipakie. Nilikuwa naisikia cheni yake inavyolia nyuma yangu. Kuna siku miguu iligoma kabisa, nikataka kusimama. Lakini ningesimama angenifikia, na mimi ningeona alivyoogopa. Nikasema hapana, bora nikimbie."

Akachukua ndizi nyingine, akaendelea kumenya. Nami miaka yote hiyo nilidhani kwenye njia ile mwenye hofu ni mimi peke yangu.