Petali za Shati la Buluu

Watu walimwita Mama Mashada, na jina hilo halikumkera. Alishona mashada ya vitambaa ya kuweka makaburini na maua ya kupamba meza za arusi, yote katika chumba cha mbele kilichotazama barabara. Bibi arusi mmoja aliwahi kumtania, "Mama, tafadhali usije ukanichanganyia. Nataka ya meza, si ya kaburi!"

"Kitambaa ni kile kile, mwanangu," akamjibu, uzi ukiwa mdomoni. "Tofauti ni kwamba wewe kesho utaamka."

Mdogo wake wa kike, aliyekaa naye na kumkatia vitambaa, alicheka hadi mkasi ukamponyoka.

Kazi yote, alisema Mama Mashada, imo kwenye gamu, kile kitambaa cheupe cha ndani kinachoifanya petali isimame. Gamu ya pasi ina chembe za gundi upande mmoja. Ikipata moto inashikana na nguo. Hiyo ni ya meza, maana meza hukaa kivulini. Ukiipeleka kaburini, jua huilegeza gundi na petali huvimba kama ngozi iliyoungua. Shada la kaburi linataka gamu kavu, ya kushonwa kwa mkono. Kwa macho zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Yeye alizitenganisha kwa kupitisha kidole gumba juu yake, wala hakumruhusu mtu mwingine amchagulie. "Jicho lina pazia," alizoea kusema. "Kidole hakidanganyi."

Kisha kikaja kisukari. Ganzi ilianzia nyayoni, ikapanda viganjani, hadi sindano ikawa inamchoma na yeye hana habari mpaka aone damu kwenye kitambaa. Jumuiya ya kanisani ilipokuja kumwombea afya, aliitikia "amina" kwa sauti kubwa kuliko wote, na ndani ya amina hiyo akaificha siri yake. Fundi asiye na vidole ni nani? Kwa rehema za Mungu kazi zilizofuata zilikuwa za arusi tupu, zote za gamu ya pasi, na siri ikapata pa kulala.

Ndipo mdogo wao wa kiume, kitindamimba, akaanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, akafa. Mama yao alimwacha mchanga, na Mama Mashada ndiye aliyembeba mgongoni huku akiendesha cherehani. Walimletea habari yuko mezani kwake. Hakupiga yowe. Alikwenda hospitali kumwona, na aliporudi akalichukua shati la buluu ambalo marehemu alilivaa siku za ibada, akasema, "Shada lake nitalishona mimi, kwa nguo yake mwenyewe. Asiletewe maua ya plastiki kama mtu asiye na dada."

Asubuhi ya maziko yeye na mdogo wake wa kike walikwenda kwa mwenye duka la vifaa vya ushonaji.

"Pole sana, Mama. Ipi leo?"

"Kavu. Ni ya kaburi."

"Mzigo umechanganyika. Ngoja nikuangalizie."

"Uniangalizie mimi? Wewe umezaliwa mimi nimeshazeeka na sindano!"

Akapitisha kidole gumba kwenye jora la kwanza, kisha la pili. Ilikuwa kama kupapasa upepo. Akarudia. Mwenye duka alikuwa anamtazama, na mdogo wake pia.

"Hili," akasema.

Nyumbani mdogo wake alilikata shati, naye akazishikiza petali kwenye gamu kwa mishono mirefu. Kwa petali za gamu kavu alikuwa na desturi yake: kuzipanga zote, moja juu ya nyingine, na kuziwekea pasi ya moto ili zipate umbo pamoja, huku yeye akisali. Siku ile alisali muda mrefu, akimwombea kijana wake apokewe.

Walipoinua pasi, petali zote zilikuwa zimegandana, tofali moja la buluu. Mdogo wake alijaribu kuzibandua kwa kucha. Shati lilikuwa limechakaa kwa kufuliwa. Likachanika nyuzi nyuzi.

"Dada, hii ina gundi! Hukuisikia?"

Mama Mashada aliviweka viganja vyake mezani kama vitu vya mtu mwingine.

"Sisikii kitu, mdogo wangu. Tangu lini, hata sikumbuki."

"Ungesema! Si ningeshika mimi?"

"Kule hospitali nilimshika mkono," akasema. "Watu husema maiti ni baridi. Nilimshika mpaka wakanitoa, na sikujua kama ni baridi."

Nje watu walikwishaanza kuita kwamba gari limefika.

Makaburini yalikuwapo mashada mengi, yote ya plastiki. Mke wa binamu yao alimnong'oneza jirani yake, "Mwenye mashada kaja mikono mitupu," na kunong'ona kwake kulisikika mbali. Mama Mashada hakugeuka. Zamu yake ilipofika aliinama, akachota udongo, akakunja kiganja, akasimama hivyo muda mrefu hadi watu wakaanza kukohoa.

"Nimeushika?" akamuuliza mdogo wake kwa sauti ya chini.

"Umeushika, dada."

Ndipo akautupa.