Mkaguzi wa Barafu ya Gavana

Huguette Charlebois alidhani anamjua mumewe ndani nje. Jumamosi ile, kwenye uwanja wa barafu wa makazi ya Gavana Mkuu wa Kanada, nusura moyo umsimame.

Tangu uchumba wao, kila majira ya baridi walikwenda kwenye makazi hayo, yaitwayo Rideau, geti linapofunguliwa kwa watu wote. Huguette aliteleza kwa viatu vyenye vyuma, mumewe Conrad alikaa kwenye kibanda chenye moto, buti za mkewe mapajani zisipoe. Mwanamume mzima, mzaliwa wa ukingoni mwa mto Ottawa, eti vifundo vya miguu ni dhaifu! Tena alikuwa na kituko chake: kabla mkewe hajafunga kamba za viatu, yeye huzunguka uwanja mzima akigonga barafu kwa fimbo. Watu walimbandika jina, Mkaguzi wa Gavana. Huguette alicheka kuliko wote.

Mwaka huu hakucheka. Macho yalikuwa yanamfifia, na binti yao Mireille alishakata shauri.

"Mama, mwaka jana ulimparamia mtoto wa watu. Bila mtu wa kukushika mkono, barafuni hukanyagi. Na usinitajie Baba, Baba hata kusimama kwenye viatu vya barafu hawezi."

Huguette alilia kama aliyefiwa. Alikuja leo na Mireille kusikiliza tu vyuma vikikwaruza barafu, kisha arudi nyumbani. Alikuwa ameinama kwenye benchi la kibanda Conrad aliporudi na fimbo yake, akafungua mfuko. Ilitoka harufu ya ngozi kuukuu iliyopakwa mafuta.

"Nini hicho?"

"Viatu vya barafu."

"Vya nani?"

"Vyangu. Lete mguu nikufunge vyako, nimekuja navyo."

Alidhani mzee kapagawa. Lakini Conrad aliingia uwanjani, akamshika mikono yote miwili, akaanza kwenda kinyumenyume akimvuta, anakata kona bila hata kuyumba. Huguette alibaki mdomo wazi. Kule pembeni, Mireille aliangusha kikombe cha kakao.

"Conrad! We mwanamume! Miaka yote hii?"

"Angalia mbele, utaanguka."

"Mbele sioni, nakuona wewe, mwongo mkubwa! Nimeteleza peke yangu kama yatima, kumbe unaweza hivi!"

Alitamani kumzaba kofi, ila angemwachia mkono. Conrad akamzungusha hadi upande wa miti.

"Unamkumbuka mdogo wangu, Rosaire?"

"Yule aliyekufa kwa homa ya mapafu, kabla hatujajuana."

"Hakufa kwa homa. Alizama mtoni, barafu ilipovunjika. Mimi ndiye niliyemwita, nikamwambia barafu imeshika, njoo tuteleze. Sikuigonga kwanza kuipima."

Huguette alikumbuka kila kicheko chake, mbele za watu, na aibu ikamchoma.

"Lakini Conrad," alisema kwa sauti ndogo, "hapa hakuna mto. Wanamwaga maji juu ya nyasi tu. Chini ni ardhi."

"Najua."

"Sasa unagonga nini?"

"Najua ni ardhi, Huguette. Lakini ni wewe unayepita juu."

Wakateleza nusu mzunguko, machozi yakimganda Huguette mashavuni, kisha akamvuta mumewe kuelekea kibandani.

"Umechoka?"

"Sijachoka. Twende tukachukue fimbo yako. Leo na wewe umo barafuni, na hakuna aliyekugongea."