Naingia Ubavuni

Njia ya kutoka kijijini kwetu kwenda Kipili inafuata ukingo wa Ziwa Tanganyika, na katikati yake kuna mwamba tunaouita Ubavu. Pale mkono mmoja ni jiwe, mkono wa pili ni maji ambayo kina chake hakuna aliyekipima. Upana ni wa mtu mmoja, hatua kama thelathini, na katikati kuna kona, kwa hiyo humwoni anayekuja. Ndiyo maana kabla ya kuingia unapaza sauti: "Naingiaaa!" Ukisikia mwenzako ameshaita, unamjibu na kumsubiri. Nadhani hata mbuzi wa kwetu wanaijua sheria hiyo.

Mimi nilikuwa siiti. Nimezaliwa Chanji, Sumbawanga mjini, kwenye baridi na maji ya bomba. Siku ya kwanza nilipoita pale, wanawake walicheka hadi wakatua mizigo, eti nalia kama kuku aliyeshikwa mkia. Aliyecheka kuliko wote ni mama mkwe wangu, Mama Nestory. Yule mama, jamani! Anatembea na beseni la dagaa kichwani bila kulishika, na mdomo wake haujui likizo. "Mkwe wangu wa Chanji anaogopa hata maji ya kunawa," aliwaambia mbele yangu. Nikaapa hatanisikia tena nikiita.

Asubuhi moja mwezi wa sita nilikuwa natoka kliniki Kipili, Valerian wangu wa miezi saba yuko mgongoni. Nafika Ubavuni, nasikia upande wa pili: "Naingiaaa!" Ilikuwa sauti yake. Niliisikia vizuri kabisa. Nikasema moyoni, leo atarudi nyuma yeye. Nikaingia kimya.

Tulikutana kwenye kona. Alishtuka, beseni likayumba, na mimi nikajibana kwenye jiwe. Mtoto akabanwa, akaruka, ndala yangu ikateleza ikaanguka. Niliitazama ikienda chini hadi majini. Hapo ndipo nilipokosea, maana macho yakagoma kutoka kwenye yale maji. Miguu ikaanza kutetemeka yenyewe. Mbele siendi, nyuma sirudi, na Valerian anajirusharusha. Nilijua tunaanguka, mimi na mwanangu.

"Kristiana, niangalie mimi."

Hajawahi kuniita kwa jina, na sijawahi kumsikia akisema taratibu vile. Aliliachia beseni ziwani na dagaa wake wote, akanishika mikono miwili.

"Mama, geuka utangulie, nitakufuata."

"Nikikupa mgongo utaangalia maji. Macho yako yabaki kwangu."

Basi akaanza kurudi kinyumenyume, mama wa miaka sitini na nane, akipapasa njia kwa visigino. Hatua moja, anasimama. Nyingine, anasimama. Mara kisigino chake cha kushoto kikakosa jiwe. Nilihisi uzito wake wote mikononi mwangu. Hakupiga kelele. Aliurudisha mguu, akatafuta mahali pengine, akaniambia, "Njoo."

Tulipotoka kwenye mwamba tulikaa chini wote wawili. Kumbe alikuwa anatetemeka kuliko mimi! Alijaribu kufunga kilemba, vidole vikakataa.

"Nimeita," akasema. "Hukunisikia?"

Ningeweza kusingizia upepo, na angeamini. Lakini nilivitazama visigino vyake vilivyochubuka, nikaona aibu kuliko hofu.

"Nilikusikia, mama."

Nilingoja matusi. Nilitamani anitukane. Badala yake alimfungua Valerian mgongoni kwangu, akambeba yeye, akatangulia nyumbani. Jioni Nestory, mume wangu, alipouliza beseni liko wapi, mama alijibu, "Limeniponyoka," akaendelea kula ugali.

Kesho yake alinitwika beseni la jirani, tukaenda wote, Valerian mgongoni kwake. Tulipofika Ubavuni akasimama nyuma yangu. Nikayaona yale maji, nikageuzia uso kwenye jiwe.

"Naingiaaa!" niliita. Sauti ilikatika katikati, kuku yule yule. Hakucheka. Upande wa pili kukawa kimya.

"Ita tena," akasema.

Nikaita tena, kwa nguvu zangu zote, ndipo nikahisi kitu kinanivuta kiunoni. Mama Nestory alikuwa ameishika ncha ya kanga yangu.