Kitambaa Kisicholia

Watu wengine wakiona nguo inaachia rangi kwenye maji husema inachuja. Mama Viraka husema inalia. Neno hilo alilitoa kwa fundi cherehani aliyemfundisha kazi, mwanamke mkali asiyependa maneno mengi, ambaye siku moja alimtupia shuka jeupe lililoingiwa na buluu akamwambia, "Tazama. Huyu kalia, na machozi yake utayavaa wewe." Tangu hapo hakikuingia kitambaa chumbani mwake bila kuulizwa kwanza kama ni mliaji.

Kumuuliza ni kazi ndogo. Unalowesha kipande cheupe, unakilaza juu ya kitambaa kigeni, unapitisha pasi ya moto, kisha unafunua. Cheupe kikibaki cheupe, mgeni karibu ndani. Kikishika rangi, mgeni anapelekwa kwenye maji baridi yenye chumvi na siki, akae humo mpaka machozi yamwishe.

Nao wageni wake walikuwa vitambaa vya Kihindi. Sari zilizochakaa pindo. Vitambaa vya kupigwa mihuri ya mbao, ambavyo ukivitazama kwa utulivu unaona mahali mkono wa mchapaji ulipoteleza. Hariri zenye nyuzi za dhahabu zilizoanza kukatika. Alivisaka kwenye marobota ya mitumba, akiinama mpaka kiuno kikamwambia basi. Mafundi walioshona blauzi za sari walimwekea mabaki kwenye mfuko. Na mtu akihama nyumba ya zamani mtaani, Mama Viraka alikuwa wa kwanza kubisha hodi, akijidai amekuja kuaga.

Vyote alivikata, akavipanga nyota na pembetatu, akatia pamba katikati na kushona mifarishi, yale mashuka mazito ya viraka ambayo watu hununua wakayaonea huruma kuyalalia.

Hakuviita vitambaa. Aliviita watu. Pamba ya buluu nzito iliyoacha alama kila ilipokaa ilikuwa Shemeji. Hariri ya manjano, ambayo ukiigusa tu inachakarisha chumba kizima, ilikuwa Wifi.

"Mwondoe Wifi hapo, anatusikiliza," Mama Pasi alikuwa akisema. Huyo ni mwenzake wa kazi, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutikisa meza, mpiga pasi wa chumba hicho tangu wote wawili walipokuwa na meno kamili. "Na Shemeji asikae karibu na weupe wangu. Yule hana adabu."

Wakicheka hivyo, ungedhani ni chumba kisichojua hofu. Lakini kilikuwa na kabati moja ambalo Mama Viraka hakupenda kulifungua, na ndani yake mlikuwa na mfarishi mdogo wa buluu na nyeupe ambao haukuwahi kutandikwa.

Aliushona kwa ajili ya mjukuu wake wa kwanza. Buluu yake aliijaribu kwa pasi, akaijaribu tena kwa maji, haikutoa hata tone. Binti yake alikuwa amekaa palepale, tumbo limemfika magotini, na mama akamwinulia kitambaa kile kwa majivuno. "Huyu unamwona? Huyu halii hata umchemshe."

Wakacheka wote watatu, yeye, binti na Mama Pasi.

Mtoto alipozaliwa, wakunga walimkung'uta mgongo, wakamsugua, wakampulizia, na wodi nzima ikangoja kitu kimoja tu. Hakulia. Mama Viraka alikuwa amesimama mlangoni, na katika kile kimya yalimrudia maneno yake mwenyewe, neno kwa neno, kama mtu anayejibiwa. Hakumwambia yeyote. Atasema nini? Kwamba kitambaa kimemsikia? Angechekwa, na angestahili kuchekwa. Lakini mtu haachi kuogopa kitu kwa sababu tu kinachekesha.

Sasa binti alikuwa mjamzito tena.

Safari hii mgeni alikuwa sari nyekundu ya harusi, pamba laini iliyofungwa vifundo vidogo vidogo kabla ya kutiwa rangi, hivi kwamba palipokuwa na kifundo pamebaki doa jeupe dogo kama punje ya mtama. Mjane mmoja aliyekuwa anahamia kwa mwanawe alimpa akisema, "Chukua. Niliivaa nikiwa na kiuno." Jina lake likajileta lenyewe: Bibi Harusi.

Kila mtu wa kazi hiyo anajua nyekundu ya namna ile ni mliaji mkubwa. Na Mama Viraka, ambaye hata leso ya kufutia jasho aliijaribu, alimchukua Bibi Harusi, akamkata nyota, akamshona juu ya pamba nyeupe tupu, bila kumuuliza. Pasi ilikuwa mezani, kipande cheupe kilikuwa mkononi, lakini mkono ulikataa. Aliogopa jibu. Si jibu la kulia aliloliogopa. Aliogopa kitambaa kitakachomjibu kwa kimya.

Asubuhi uchungu ulipoanza, binti alimpigia simu kabla ya kwenda hospitali.

"Mama, usije."

"Nisije wapi?"

"Usinielewe vibaya, mama yangu. Uso wako hauna mlango. Siku ile sikuambiwa na daktari, niliambiwa na uso wako pale mlangoni. Leo nataka kuzaa bila kuuona. Akishafika salama, njoo hata na ngoma."

"Sawa, mwanangu," alisema, na sauti yake ikatoka nzuri kabisa.

Akaenda kazini. Simu alimpa Mama Pasi. "Mkwe wangu atapiga. Mimi siwezi kuipokea. Ipokee wewe."

"Nimwambie umekuwa bubu?"

"Mwambie chochote."

Mama Pasi aliitia simu kifuani, akamtazama mwenzake, akaona kwamba mzaha haufiki. Akageukia kazi. Aliukunjua mfarishi mwekundu, akaunusa, akakunja pua. "Huu haujaoshwa. Mtamfunika mtoto vumbi la sanduku la watu? Lete beseni."

"Uache."

"Niuache kwa nini? Bibi Harusi si ulishamjaribu?"

Mama Viraka hakujibu, na Mama Pasi, aliyemjua kwa miaka yote hiyo kama mtu anayejaribu mpaka nyuzi za kushonea, alichukua kimya kile kuwa ndiyo. Maji baridi yakajaa beseni uani. Mfarishi ukazama, ukatoa mapovu, ukatulia.

Simu ikalia. Mama Viraka akaushika ukuta.

"Eeh, mkwe... Bado? ... Haya. Haya, baba. Mungu yupo." Mama Pasi akaikata. "Bado. Mkweo wamemtoa nje, anangoja kwenye benchi. Amesema wamemwita daktari mwingine, lakini kasema ni kawaida."

"Nani kasema ni kawaida, daktari au yeye?"

Mama Pasi akajifanya anafunga kilemba vizuri.

Jua lilisogea ukutani. Simu ilinyamaza, na kunyamaza kwake kukawa na uzito, kama mtu amekaa katikati ya chumba. Mama Viraka alijaribu kutunga uzi kwenye sindano akashindwa, akauramba, akashindwa tena.

Ndipo Mama Pasi akainama kwenye beseni, akainua pembe ya mfarishi, na uso ukamng'aa. "Hongera, shoga! Njoo uone! Maji meupe kama yalivyotoka bombani. Hajalia hata tone!"

Alidhani anampa zawadi. Mama Viraka alisogea, akatazama. Nyota nyekundu zilikuwa zimelala chini ya maji safi, na weupe ulikuwa mweupe, kila kitu kimetulia, kizuri, bila chozi. Kama yule wa buluu. Sawasawa na yule wa buluu.

"Mbona umekuwa na rangi hiyo? Kaa chini."

"Nenda mbele barabarani," Mama Viraka alisema. "Huku simu haishiki vizuri. Nenda, tafadhali. Huenda anapiga haipiti."

Mama Pasi akaenda, akigeuka nyuma mara mbili.

Alipobaki peke yake, Mama Viraka aliwasha jiko. Alijua anachokifanya, hatusemi kwamba hakujua. Miaka yote alikuwa amewafokea wasichana waliokuja kujifunza kazi kuhusu jambo hili hili: maji ya moto na nyekundu havikutani. Sufuria lilipoanza kuchemka alilibeba kwa kanga mpaka uani, mvuke ukimpiga machoni. Akaliinamisha juu ya kazi nzuri kuliko zote alizowahi kushona.

"Lia," alisema.

Hakuna kitu. Maji yalifuka mvuke, safi.

Akaleta sufuria jingine. Akapiga magoti, akatumbukiza mikono humo humo bila kujali joto, akazikamua zile nyota, akazisugua moja kwa nyingine kama wakunga walivyousugua ule mgongo mdogo. "Lia, mama. Lia, Bibi. Nilisema vibaya siku ile, nilikuwa najivuna tu, sikuwa na maana. Lia basi. Nakuomba."

Kutoka kwenye ncha ya nyota moja kikatoka kiuzi cha waridi, chembamba kama moshi. Kikajinyoosha ndani ya maji. Kikafuatwa na kingine. Kisha beseni zima likageuka, na weupe wote ukaanza kuona haya.

"Amelia!"

Ilikuwa sauti ya Mama Pasi mlangoni.

"Namwona," Mama Viraka alisema bila kuinua kichwa. "Ndiyo, amelia."

"Si huyo, mwendawazimu wewe! Mwachie huyo! Mtoto! Mtoto amelia!" Na simu ikabandikwa sikioni mwake, ikiwa imelowa jasho la kifuani, na humo ndani, nyuma ya mkwe aliyekuwa anasema mama, mama, unasikia, kulikuwa na sauti kali, yenye hasira, ya mtu mdogo aliyechukizwa na kila kitu.

Alisikiliza mpaka mkwe akadhani simu imekatika.

Mama Pasi alikuwa ameyaona maji. Alilitazama beseni, akalitazama jiko na masufuria mawili matupu, akamtazama mwenzake. Kwa mara ya kwanza katika urafiki wao hakuuliza. Alichutama tu upande wa pili, akaanza kumsaidia kukamua.

Jioni Mama Viraka alisimama nje ya wodi. Kioo cha dirisha kilimwonyesha uso wake, akaujaribu huku na huku kama mtu anayevaa kilemba cha kuazima, hakuona unaofaa. Akaingia nao ulivyo.

Binti alikuwa ameegemea mito, mtoto kifuani. Aliutazama uso wa mama yake kwanza, muda mrefu. Kisha akashusha macho.

"Mama, mikono yako imefanya nini?"

Ilikuwa ya waridi mpaka juu ya viwiko, na imevimba kwa moto. Akaificha nyuma, lakini mfarishi aliokuwa ameukumbatia ukajifunua, mbichi bado kidogo, nyota zake zimefifia na weupe wake wote umekuwa rangi ya kucha za mtoto.

"Si ulikuwa mweupe huu?" binti akauliza. "Hukumjaribu?"

Mtoto akakunja uso, akafungua kinywa, akapiga ukelele uliowageuza wagonjwa wa vitanda vya jirani. Binti akaanza kumbembeleza, nyamaza, nyamaza baba.

"Mwache," bibi yake alisema. "Mwache kidogo, mwanangu. Mwache alie."