Mikono Iliyotia Kalafati

Juzi nilipotea mtaani Gerezani, nami nimezaliwa pale. Nilifuata kipuri cha cherehani, nikajikuta nimesimama katikati ya magari, nauliza watu hori la bahari lilikuwa linaingilia wapi. Kijana mmoja akanijibu kwa upole, "Bahari iko Feri, bibi." Nikamshukuru. Pengine mimi ndiye niliyechanganyikiwa.

Hebu nikueleze. Zama za Mwingereza, nikiwa na miaka minane hivi, bibi yangu alikuwa anapika vitumbua alfajiri, kisha tunavipeleka kwa mafundi wa vyombo vya baharini kando ya hori. Pale pote palinuka sifa, yale mafuta ya papa, na tezo zilichonga mbao kutwa, ko, ko, ko, hata treni ikipiga honi hazinyamazi.

Jirani yetu alikuwa mmoja wa mafundi hao. Mwaka ule alikuwa anaunda mashua ya Mwarabu mmoja mwenye duka Kariakoo. Lakini macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Kuranda aliweza kwa kupapasa. Kutia kalafati, yaani kushindilia pamba yenye sifa kwenye kila mwanya wa mbao ili maji yasipite, hakuweza tena.

Bibi alifundishwa kazi hiyo na marehemu baba yake. Basi alasiri, vibarua wakishaondoka, tunaingia sisi. Mimi nalowanisha pamba, bibi anagonga kwa nyundo ya mti, fundi amekaa kwenye gogo anasikiliza.

"Hapo bado," anasema.

"Haya, ushaanza," bibi anamjibu, lakini anarudia.

Nyumbani akaniambia, "Mtu akikuuliza, sema ni kazi ya fundi." Na huyu ndiye bibi aliyenichapa kwa kumdanganya kuwa sikulamba sukari! Sikuelewa, ila nilitii.

Siku ya kushua mashua, mtaa mzima ulikuja. Pilau ilikuwa kwenye masufuria, wanaume wakavuta kamba huku wakiimba, mashua ikateleza mpaka majini. Mwarabu akapanda mwenyewe, akainua mbao za chini, akapapasa. Kukavu kabisa. Akashuka anacheka.

"Mashallah, fundi! Mikono yako haijazeeka."

Fundi akatikisa kichwa. Kisha akasema kwa sauti, kila mtu akasikia, "Mikono si yangu. Mimi sioni tena. Kalafati ametia bibi huyu."

Vicheko vikakatika. Nilimtazama bibi nikitegemea atatabasamu. Akajivutia kanga usoni, akanishika mkono, tukaondoka kabla pilau haijapakuliwa. Mimi nalia njaa, yeye analia sijui nini.

Wiki nyingi hakusema na fundi. Fundi akipita barazani kwetu na kutoa salamu, bibi anaingia ndani.

"Bibi, si amekusifu?" nikamwuliza.

"Nyamaza."

Mashua ile haikuvuja, wala hakuna aliyemletea fundi kazi ya chombo kingine. Akawa anatengeneza vitanda vya kamba, mpaka binti yake alipokuja kumchukua. Bibi alikwenda kumuaga. Walikaa wote wawili barazani mpaka binti akamwita baba yake.

Miaka mingi baadaye, bibi akiwa mgonjwa kitandani, nikamwuliza tena alikasirika nini siku ile.

"Nilitaka apate chombo kingine cha kuunda," akasema. "Ningemtilia kalafati mpaka nife. Nani alimwambia aseme?"

Mpaka leo nayapima maneno yake. Siku nyingine namwona fundi mtu wa haki, hakutaka kula jasho la mwenziwe. Siku nyingine naona alikitupa mbele za watu kitu ambacho bibi alimpa kwa siri. Tezo hazisikiki tena pale, sehemu kubwa ya hori imefukiwa, na waliovuta kamba siku ile wote wamekwisha. Ningempata hata mmoja wao, ningemkalisha, nimpe chai, nimwulize: wewe uliyekuwapo, uliona nani alimkosea mwenzake?