Papa anayelala vizuri

Juzi nilikuwa nasubiri zamu yangu kwenye kituo kimoja cha afya, mtaani Cimpunda. Mlango ulikuwa wazi. Daktari alimuuliza baba mmoja mnene, papa kama tunavyosema huku, kama analala vizuri.

"Sana, docteur! Hata ku misa nalalaka."

Benchi zima tulicheka. Mkewe, aliyeketi kando yake, hakucheka. Alikoroma kumwiga, kisha akabana pumzi. Tukangoja, tukangoja, ndipo akavuta hewa kama mtu anayeibuka majini.

"Iko hivi kila usiku. Namusukumaka ili apumue."

"Koo yake inajifungaka akilala," daktari alisema. "Ile inatibikaka. Tutamupima, na kuanzia leo alalie ubavu."

Papa alimgeukia mkewe. "Kumbe ni weye haulalake?"

Nilirudi nyumbani na swali ambalo sijawahi kumuuliza mke wangu: nikikoroma, yeye hupata usingizi saa ngapi?